Nani Aliyeiandika Dini ya Iruwa?

Machame ya kale haikuwa na kitabu cha dini. Kabla ya mwisho wa karne ya 19, imani ya watu wa miteremko ya Kilimanjaro ilikaa ndani ya matendo, wala hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuiandika. Baba mwenye nyumba alichinja mbuzi kihambani, shambani mwa nyumbani, na kuwataja marehemu wa ukoo wake kwa majina. Mbege, pombe ya ndizi, ilimwagwa kidogo chini kabla ya kunywewa. Mzee alimtemea mjukuu mate kumbariki. Mwenye kosa alipeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa jani hilo hakuwa na njia ya heshima ya kukataa suluhu. Juu ya yote hayo alikuwapo Iruwa, ambaye watu wa upande wa mashariki humwita Ruwa, na jina lake ndilo pia jina la jua.

Leo mtu akitaka kuifahamu dini hiyo, awe mjukuu wa Machame anayeishi Dar es Salaam au mwanafunzi aliye Leipzig, hana budi kupitia maandishi. Maandishi yapo, tena ni mengi kuliko watu wengi wanavyodhani. Shida ni kwamba kila andiko lina mwandishi wake, na kila mwandishi alikuwa na kazi iliyomleta mlimani. Ndiyo maana nitayafuata kwa utaratibu wa miaka, kutoka la kwanza hadi ya karibuni, nikieleza kwanza kilichomleta mwandishi na baadaye alichokiandika.

Tuanze na hali ya nchi yenyewe, maana bila hiyo hatuwezi kuvipima vitabu. Mlima wa karne ya 19 haukuwa wa kabila moja lenye serikali moja. Kila mgongo uliokuwa kati ya mito miwili mikubwa uliweza kuwa na mangi, yaani mtawala wake, vita vyake na lahaja yake. Machame, magharibi ya mto Weruweru, ilikuwa miongoni mwa tawala zenye nguvu. Kibosho, Moshi ya Kale, Kilema, Marangu na tawala za Rombo zilikuwa jirani zake, mara maadui, mara washirika. Kimashami, lugha ya Machame, na Kichagga cha Vunjo havisikilizani kwa urahisi. Kwa hiyo kitabu kinaposema “Wachagga waliamini hivi”, swali la kwanza la msomaji liwe: Wachagga wa mgongo upi?

Wa kwanza kuandika alikuwa Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la Kiingereza, CMS, akaweka makao yake Rabai karibu na Mombasa. Alifika Kilema mwaka 1848, na tarehe 11 Mei mwaka huo akaiona theluji ya kilele cha Kibo. Mwishoni mwa mwaka huohuo alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokewa vizuri. Mwaka 1849 akarudi na shehena kubwa zaidi, akikusudia kupita Machame hadi Unyamwezi. Mamkinga akaidai shehena ile kidogo kidogo, leo nguo, kesho shanga, mpaka mgeni akabaki mikono mitupu na safari ikafia hapo. Siku ya kuondoka aliagwa kwa kutemewa mate, ishara ya baraka ambayo waandishi wa baadaye walikuja kuieleza kwa urefu.

Habari za Rebmann zilisambaa Ulaya, na mwenzake Ludwig Krapf akazichapisha ndani ya vitabu vyake vya safari, cha Kijerumani mwaka 1858 na cha Kiingereza mwaka 1860. Mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Rebmann alikuwa amesema kweli. Lakini kuona sawasawa kilicho juu ya mlima ni jambo moja, na kuelewa kilicho moyoni mwa watu wanaoishi chini yake ni jambo jingine. Rebmann alikaa mlimani muda mfupi na hakukijua Kichagga. Aliyaona matambiko kwa jicho la mhubiri aliyekuja kuyaondoa. Thamani yake kwetu ni ya shahidi wa mapema: anatuonyesha kwamba matendo fulani yalikuwapo nusu karne kabla ya kanisa lolote kujengwa Machame. Sababu za matendo hayo hakuweza kuzijua.

Kuna jambo jingine katika safari hizo ambalo wasomaji wengi hulipita. Misafara ya pwani ilikwisha kufika Uchagani kabla ya Rebmann, na Waswahili walikuwa wakikaa kwa mamangi kama wafanyabiashara, waganga na washauri. Msomaji alikumbuke hilo, maana litatufaa tutakapofika kwenye visa vinavyofanana na vya Biblia na Kurani.

Baada ya wasafiri walikuja wakaaji. CMS walifungua kituo Moshi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 baada ya kutoelewana na utawala wa Kijerumani. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuingia Kilema mwaka 1891. Nafasi iliyoachwa na Waingereza ikachukuliwa na Misheni ya Leipzig, Walutheri wa Kijerumani, na kituo chao cha kwanza kilijengwa Nkwarungo, Machame, mwaka 1893. Mlimani haukuwa wakati wa utulivu. Mwezi Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine. Misheni na bunduki viliishi mlima mmoja, na mzee aliyeulizwa na Mzungu habari za mizimu ya ukoo wake alikuwa na sababu za kupima maneno yake kabla ya kujibu.

Hata hivyo Walutheri wa Leipzig walifanya jambo ambalo wamisionari wengi wa wakati ule hawakulifanya. Waliamini kwamba mtu ahubiriwe kwa lugha ya mama yake, kwa hiyo walijifunza lugha za mlima, wakaandika sarufi na kutafsiri Injili. Johannes Raum alichapisha sarufi ya lahaja ya Moshi mwaka 1909. Walipohitaji jina la Mungu wa Biblia, hawakuleta jipya, bali walilichukua jina la Ruwa. Uamuzi huo una matokeo mpaka leo. Mkristo anayeomba kwa Kichagga anatumia jina ambalo babu yake alilitumia akitazama Kibo, na si rahisi tena kutenganisha Ruwa wa kabla ya 1893 na Ruwa wa Jumapili.

Katika misheni hiyo alitokea mtu ambaye bila yeye tungekuwa maskini sana wa habari. Bruno Gutmann alizaliwa Dresden mwaka 1876, akafika Kilimanjaro mwaka 1902. Miaka yake ya mwanzo ilipita kwa sehemu upande wa Machame na Masama, kisha akahamia Moshi ya Kale, ambako ndiko alikofanya kazi kubwa ya maisha yake. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa Wajerumani, naye akaondoka pamoja nao. Alirudi katikati ya miaka ya 1920, akabaki hadi 1938. Alifariki mwaka 1966. Kati ya kuja na kuondoka aliandika bila kuchoka. Mwaka 1909 alitoa kitabu kuhusu fikra na utunzi wa Wachagga, na mwaka 1914 mkusanyiko wa ngano na masimulizi yao. Mwaka 1926 kilitoka kitabu cha sheria za Wachagga chenye zaidi ya kurasa 700. Kuanzia 1932 hadi 1938 yakafuata majuzuu matatu ya mafundisho ya jando na unyago, ambamo maneno ya wazee yamechapwa kwa Kichagga na tafsiri ya Kijerumani kando yake.

Kwa nini mhubiri ahangaike kiasi hicho na dini aliyotumwa kuipinga? Jibu moja ni kwamba aliipenda nchi na watu wake, na hilo ni kweli kwa kadiri yake. Jibu la pili linahitaji maelezo. Gutmann alitoka katika Ujerumani iliyokuwa ikigeuka haraka kuwa nchi ya viwanda na miji, naye aliyachukia mabadiliko yale. Aliona kwamba binadamu hukamilika ndani ya vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Aliamini Wajerumani wamevipoteza na Wachagga bado wanavyo, hivyo kanisa la Kilimanjaro lingeweza kujengwa juu yake. Aliyekuwa akitafuta vifungo vya kale alivikuta kila alikogeuka. Yale yasiyoafikiana na picha hiyo, kama vijana waliokimbilia kahawa na mishahara, wanawake waliochoka na ndoa zao, mamangi waliotumia mila kujitajirisha, yamo katika maandishi yake kwa uchache, na mara nyingi kama dalili za ugonjwa. Dr. Martin Shao, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, aliandika mwaka 1990 kitabu kizima kuhusu njia ya Gutmann na alama iliyoiacha kanisani. Ni vizuri kumsoma mtu wa mlimani akimpima Mjerumani aliyekuja kuupima mlima.

Majuzuu yale ya mafundisho yana tatizo jingine, nalo linawahusu wazee wenyewe. Mafundisho ya jando yalikuwa na sehemu za siri zilizotengenezwa kwa makusudi ili wanawake na watoto wasijue, na baadhi yake zilikuwa uongo uliokubaliwa na wanaume wote. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, aliichambua siri moja ya namna hiyo katika makala ya mwaka 1976, akaonyesha kwamba kila mwanamume alijua si kweli na kila mmoja aliilinda. Basi neno la mzee, hata likinukuliwa sawasawa kwa lugha yake, linaweza kuwa limesemwa ili kuficha jambo.

Sasa tufike kwenye visa ambavyo wasomaji huvitafuta zaidi. Mwaka 1924 Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyefanya kazi Moshi, alichapisha London kitabu kuhusu Kilimanjaro na watu wake. Dundas alipendwa na wakulima wengi kwa kuwaunga mkono katika kilimo cha kahawa. Katika mambo ya dini alitegemea sana vitabu vya Kijerumani vya Gutmann, kwa hiyo anayewasoma wote wawili asidhani amepata mashahidi wawili. Mara nyingi ni shahidi mmoja mwenye sauti mbili. Faida yake kwa msomaji wetu ni kwamba mwaka 1932 kilitoka pia kitabu chake cha Kiswahili, Asili na Habari za Wachaga.

Katika masimulizi aliyoyaeneza Dundas, Ruwa aliwatoa watu wa kwanza kwa kukipasua chombo walimofungiwa. Akawapa shamba la migomba na viazi, akawaambia wale kila kitu isipokuwa kiazi kikuu kimoja. Akaja mgeni, akamdanganya mzee wa watu wale kwamba ametumwa na Ruwa, kiazi kikapikwa, kikaliwa, na adhabu ikafuata kwa maradhi na mauti. Baadaye Ruwa alilegeza moyo: wazee wangejivua ngozi kama nyoka na kurudi ujanani, mradi mtu asionwe wakati wa kujivua. Mzee mmoja akamtuma mjukuu wake wa kike mtoni na chombo kilichotoboka, ili achelewe. Binti akayaziba matundu, akarudi mapema, akamkuta babu amejivua nusu. Babu akafa, na tangu siku hiyo watu wanakufa. Ziko pia habari za gharika iliyowaangamiza waovu.

Yeyote aliyepita madrasa au shule ya Jumapili atashtuka hapa. Tunda lililokatazwa, mdanganyifu, gharika: visa hivi vilitoka wapi? Dundas mwenyewe aliuona mfanano huo. Yametolewa maelezo ya aina tatu.

La kwanza ni kwamba visa hivi vilivuja kutoka misheni. Gutmann alianza kukusanya mwanzoni mwa karne ya 20, miaka kama 10 baada ya kituo cha Nkwarungo kujengwa, na mafundisho ya Biblia yalikwisha kupita vinywani. Tuongeze Waswahili waliokaa kwa mamangi hata kabla ya Rebmann: habari za Adamu na Nuhu ziliweza kupanda mlima pamoja na nguo na shanga, bila mmisionari hata mmoja. La pili ni kwamba mfanano uko zaidi katika jicho la mkusanyaji. Mtu aliyekulia katika Biblia husikia ngano 100, na ile inayofanana na Mwanzo huipa nafasi ya mbele, huinyoosha, na kuipanga baada ya nyingine mpaka ikawa kama sura za kitabu kimoja. La tatu ni kwamba visa ni vya kale kweli, na mfanano unatokana na maswali ambayo binadamu wote hujiuliza kuhusu kifo.

Kwa maoni yangu haifai kuchagua jibu moja kwa visa vyote. Kisa cha kujivua ngozi kina kila dalili ya ukale. Habari za mtu aliyepaswa kujivua ngozi kama nyoka, au za ujumbe wa uzima ulioharibika njiani, zimeenea Afrika katika jamii nyingi zisizokuwa na uhusiano na Kilimanjaro, na hakuna chochote cha Biblia ndani ya binti anayeziba matundu ya chombo cha maji. Kiazi kilichokatazwa kiko katikati: zao ni la kihambani, mpangilio unanukia Edeni. Habari ya gharika ningeishika kwa mashaka zaidi.

Ruwa mwenyewe ana ushahidi wa namna nyingine, usiotegemea kitabu cha mmisionari. Mungu mwenye jina la jua hayuko Kilimanjaro peke yake. Wairaqw wa Mbulu wana Looa, Wadatoga wana Aseta, Wakalenjin wa Kenya wana Asis, na yote ni majina yanayohusiana na jua. Lugha hizo ni za jamaa tofauti kabisa na Kichagga, lakini watu wake ni majirani wa muda mrefu katika ukanda huu wa nyanda za juu. Wazo lililoenea hivyo, likavuka mipaka ya lugha, haliwezi kuwa limeingia mwaka 1893. Ila tukumbuke kwamba katika matambiko ya kila siku mizimu ya ukoo ndiyo iliyoitwa kwa majina na kupewa nyama na mbege, na Iruwa aliombwa katika mashaka makubwa. Vitabu vya wamisionari vimempandisha Iruwa mbele ya pazia kwa sababu yeye ndiye waliyemhitaji.

Hapa Ireland inaweza kutusaidia, ingawa iko mbali, kwa kuwa watu wake wamekuwa na shida hiihii kwa muda mrefu zaidi. Miungu ya kale ya Ireland, ile jamii iitwayo Tuatha Dé Danann, inajulikana kwetu kupitia watawa wa Kikristo. Ukristo ulishika mizizi kule tangu karne ya 5, lakini miswada mikubwa ya visa iliyobaki, kama Lebor na hUidre na Kitabu cha Leinster, ni ya karne ya 12. Katika Lebor Gabála, masimulizi ya jinsi Ireland ilivyokaliwa, watawa waliiunganisha historia ya kisiwa na gharika ya Nuhu, na miungu ya zamani ikasimuliwa mara nyingi kama watu wa kale wenye uchawi. Wataalamu walibishana vikali, hasa katika karne ya 20: je, chini ya wino wa watawa kuna dini ya kale iliyohifadhiwa, au ni fasihi ya Kikristo iliyovaa nguo za zamani? Mark Williams, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu miungu ya Ireland, ameifuata miungu hiyo karne kwa karne, akionyesha kila zama ilivyoitengeneza upya. Njia yake ndiyo niliyoiazima katika makala haya.

Tukilinganisha, Kilimanjaro ina bahati moja na msiba mmoja. Bahati ni muda: Ireland ilipoteza zaidi ya miaka 600 kati ya mahubiri ya kwanza na miswada hiyo, ilhali Machame haikupoteza hata miaka 20, na wazee walioulizwa walikuwa wametambika wenyewe. Msiba ni lugha na mkono. Watawa wale walikuwa Waayalandi wakiandika Kiayalandi chao, na wajukuu zao wakakisoma. Kilimanjaro, sehemu kubwa ya hazina iliandikwa na mgeni kwa Kijerumani kigumu ambacho hata Wajerumani hukilalamikia.

Hata hivyo si yote. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliandika historia za tawala za mlima katika miaka ya 1910, wakati wazee waliowakumbuka Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa hai. Kathleen Stahl, aliyechapisha mwaka 1964 historia kubwa ya Wachagga mgongo kwa mgongo, alitegemea kazi ya Mtui pamoja na wazee aliowahoji mwenyewe. Kitabu cha Stahl si cha dini. Lakini sehemu yake ya Machame inampa msomaji mamangi na ugomvi wa koo, na bila hayo matambiko huelea hewani bila watu.

Kisha vinakuja vitabu viwili ambavyo ningependa msomaji wa Kiswahili avianze kabla ya vingine vyote. Cha kwanza ni Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, cha Petro Itosi Marealle, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1947. Marealle alikuwa mangi wa Marangu, na mwaka 1946 akawekwa kuwa mkuu wa Vunjo nzima. Aliandika kwa Kiswahili makusudi, akimfuata Mchagga tangu kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa na kujenga, hadi kufa, kuzikwa na kuingia katika jamii ya marehemu. Anajua mambo kwa ndani, na hilo linaonekana katika vitu vidogo, kama nani anapewa sehemu gani ya nyama ya tambiko. Lakini ni mangi anayeandika, tena Mkristo, katika miaka ambayo uhalali wa mamangi ulikuwa ukiulizwa na wananchi wake. Mila katika kitabu chake zina utaratibu mzuri na watu wanajua nafasi zao. Tena ni mila za Marangu.

Cha pili kinatoka Machame. Sam Joseph Ntiro alizaliwa huko mwaka 1923, akasoma Makerere na baadaye London, akafundisha uchoraji Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru alikwenda kuiwakilisha nchi yake huko Uingereza kama Balozi. Wengi wanamjua kwa picha: moja yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1953 alichapisha kijitabu cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Ni chembamba, na mtaalamu wa Gutmann anaweza kukidharau. Mimi nakithamini kwa sababu mwandishi hana jimbo la kutetea wala kanisa la kujenga, na ni wa upande wa magharibi ya mlima, ambao vitabu vikubwa vimeuacha nyuma ya Moshi na Marangu.

Baada ya uhuru kazi ilihamia vyuo vikuu. Moore alitoa mwaka 1986 kitabu kuhusu sheria za mila za Kilimanjaro tangu 1880 hadi 1980, akionyesha jinsi kitu kinachoitwa “mila ya kale” kilivyobadilika kila kizazi huku jina likibaki lilelile. Päivi Hasu wa Finland, mwaka 1999, aliandika kuhusu mazishi na matambiko kwa kuangalia watu walio hai, Wakristo ambao bado wanapanda masale makaburini. Matthew Bender, mwaka 2019, alifuata historia ya maji na mifongo, ile mifereji ya kunyweshea vihamba, pamoja na imani zilizokuwa zikiilinda. Hawa wana ubora ambao Gutmann hakuwa nao: wanatuambia walimhoji nani na lini, nao wanawasikiliza wanawake.

Kwa asiyejua Kijerumani njia si ngumu. Asome Ntiro na Marealle kwanza, kisha Dundas wa Kiswahili, na achukue jambo moja tu, tuseme mazishi, alifuate katika vyote vitatu. Watakapokubaliana, aulize kama mmoja alimsoma mwenzake. Watakapotofautiana, aangalie kwanza mgongo wa mlima kabla ya kumwita yeyote mwongo: tofauti ya Machame na Marangu mara nyingi inatosha kueleza. Sheria za Wachagga za Gutmann zimetafsiriwa kwa Kiingereza huko Marekani kwa matumizi ya watafiti, hivyo chuo chenye maktaba nzuri kinaweza kumfikisha. Visa kama kile cha mvulana Mrile, aliyepanda angani na kigoda chake akawafundisha watu wa mwezi kupika kwa moto, Alice Werner alivisimulia kwa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu ngano za Wabantu.

Hazina mbili bado hazijatumika inavyopasa. Ya kwanza ni kumbukumbu za Misheni ya Leipzig, ambazo sasa zimehifadhiwa Halle, Ujerumani: barua, taarifa na shajara za vituo, kikiwamo cha Nkwarungo. Picha nyingi za misheni hiyo zimewekwa kwenye intaneti na chuo kikuu kimoja cha California, na yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama. Lakini barua nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa kufundishwa, na maneno ya Kimashami yaliyotawanyika ndani yake yanamhitaji mtu anayezijua lugha zote mbili.

Ya pili ni watu wenyewe, na hapa tena Ireland inatupa mfano. Kati ya 1937 na 1939 Tume ya Masimulizi ya Ireland iliwaagiza wanafunzi wa shule za msingi waende kwa wazee wa nyumbani na kuandika ngano, dawa, visima vitakatifu na majina ya mahali. Shule kama 5,000 zilishiriki, na leo makusanyo hayo yana karibu kurasa 740,000, zikiwamo daftari za watoto wenyewe kwa mwandiko wao, na sehemu kubwa inasomeka bure kwenye intaneti. Machame ina shule nyingi, daftari hazikosekani, na mabibi wanaozijua ngano kwa Kimashami bado wapo Nkwarungo, Lyamungo na Masama.